Uhuru wa Kupewa na Uhuru wa Kudai: Kulisoma Jina la Mbotela katika Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha ufahamu katika kidato cha tatu, katika shule moja ya kutwa iliyoko Eastlands, jijini Nairobi. Kifungu kilihusu biashara ya utumwa katika pwani yetu. Niliwauliza wanafunzi ni nani kati yao anayeishi katika mtaa wenye jina la ukoo wa watumwa walioachwa huru. Darasa zima lilinyamaza, ilhali wanafunzi kadhaa waliokuwa mbele yangu walitoka Mbotela. Nilipolitaja jina hilo, mmoja alidhani mtaa umeitwa kwa heshima ya mtangazaji wa redio. Mwingine akasimama na kusema, "Mwalimu, babu yangu alisema huyo Mbotela wa mtaa alikuwa msaliti." Darasa likagawanyika pande mbili, na kengele ikalia kabla sijapata la kusema.

Makala haya ni jibu ambalo ningempa mwanafunzi huyo siku ile kama ningekuwa nalo. Yanadhamiria kuonyesha kwamba neno "uhuru", ambalo sisi walimu wa fasihi hulitumia karibu kila siku tunapojadili maudhui ya ukombozi, lina historia mbili zinazovutana. Upande mmoja kuna uhuru wa kupewa; upande wa pili kuna uhuru wa kudai. Historia hizo zinakutana katika ukoo mmoja, katika kitabu kimoja cha Kiswahili, na katika mitaa michache iliyo kandokando ya Barabara ya Jogoo. Aidha, makala yanapendekeza jinsi ya kuifundisha historia hiyo bila kuwageuza wanafunzi wetu kuwa mahakimu wa haraka.

Uhuru katika msamiati wa utumwa

Kabla ya kuwa neno la kisiasa, "uhuru" lilikuwa neno la kisheria. Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19, mtu aliweza kuwa mwungwana au mtumwa. Mtumwa mwanamume aliitwa mtwana na mwanamke akaitwa mjakazi. Bwana aliweza kumwacha mtumwa wake huru, mara nyingi kwa kutafuta thawabu, na tendo hilo likaandikwa katika hati. Kwa hivyo, katika matumizi hayo ya awali, uhuru ulikuwa kitu kilichotoka mkononi mwa mwenye nguvu na kupokelewa na asiye na nguvu. Aliyeachwa huru alitarajiwa kuendelea kumheshimu aliyemwacha. Alibaki na deni la shukrani.

Mwalimu mwenzangu atakumbuka kwamba msamiati huu haujatutoka. Tunamsifu mtu mwenye adabu kwa kumwita mwungwana au mstaarabu, na tunamtusi asiye na adabu kwa kumwita mshenzi. Neno la kwanza lilimaanisha mtu asiye mtumwa; la pili lina mzizi wa kufuata mila za Waarabu; la tatu lilitumiwa kuwadharau watu wa bara, wale wale waliotekwa na kuuzwa. Hata methali tunayoitumia kufundisha haki, "Mgala muue na haki yake umpe", inalitaja jina la jamii ya watu kana kwamba kuwaua ni jambo la kawaida. Wahenga walisema, "Mwenye kovu usidhani kapoa." Lugha yetu tamu ina makovu yake, na mwalimu wa Kiswahili ndiye anayefaa kuyaonyesha.

Watoro na mateka

Mnamo tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko ya watumwa, chini ya shinikizo kali la Waingereza. Miaka miwili baadaye, mwaka 1875, wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walianzisha makazi ya watumwa waliookolewa huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Makazi hayo yaliitwa Frere Town, kwa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kumshawishi Sultani. Manowari za Waingereza ziliyakamata majahazi na kuwashusha mateka hapo. Kengele ya Frere Town ingalipo hadi leo, na kituo cha magari cha mahali hapo huitwa Kengeleni.

Hata hivyo, ikumbukwe kuwa si wote waliopata uhuru kwa kungoja manowari. Wengi walitoroka. Kiswahili kina neno lao: watoro. Katika miaka ya 1880 watoro walijijengea makazi yao wenyewe bara ya pwani, mojawapo likiwa Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai, ambako William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mateka mwenyewe na akasomeshwa India, aliwapokea huku akijua kuwa mabwana wa Mombasa wangekuja kuwadai.

Neno "mtoro" darasani kwetu leo ni la mwanafunzi anayekwepa vipindi. Limebaki neno la lawama. Yule aliyeutwaa uhuru wake kwa miguu yake mwenyewe aliachiwa jina la mkosaji, lakini yule aliyepewa uhuru aliitwa huru. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ambayo wanafunzi wanapaswa kuitambua.

Uhuru wa Watumwa: sauti ya msimulizi

Mwaka 1934 kilichapishwa London kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa. Mbotela alikuwa mwana wa Frere Town, na kitabu kinasimulia jinsi kizazi cha wazazi wake kilivyotekwa bara, kikaswagwa hadi pwani, kikapakiwa jahazini, na hatimaye kikaokolewa na manowari ya Waingereza. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za nathari ndefu zilizoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika wa Kenya, na kilisomwa shuleni kwa miaka mingi.

Wahakiki wengi wa baada ya 1963 wamekikemea kitabu hiki. Wanadai kuwa kinawachora Waarabu kama wakatili watupu na Waingereza kama malaika. Wanaongeza kuwa msimulizi anashukuru mno. Tuhuma hizo zina msingi. Mwaka kilipochapishwa, Waingereza waliokuwa wakishukuriwa ndio waliokuwa wametwaa ardhi ya bara, wakawatoza Waafrika kodi ya nyumba na ya kichwa ili watoke kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kitabu kinachosifu mkono uliofungua mnyororo kilikuwa na manufaa makubwa kwa mkono huo huo ulipokuwa ukifunga mwingine.

Lakini haki yake tumpe. Tukikisoma kitabu hiki kama propaganda pekee, tunawanyima sauti watu ambao hawakuwa na mwandishi mwingine. Mtoto aliyetolewa katika tumbo la jahazi hakuwa na sababu ya kumchambua nahodha wa manowari kwa nadharia ya ubeberu. Alikuwa hai. Shukrani yake ilikuwa ya kweli, na mateso aliyoyasimulia yalikuwa ya kweli. Mhakiki makini anapaswa kushikilia mambo mawili kwa wakati mmoja: ushahidi wa msimulizi ni wa kuaminika kuhusu alichokipitia, lakini mtazamo wake una mipaka kuhusu nani aliyefaidika. Hii ndiyo maana ya kumtofautisha shahidi na hakimu katika uhakiki wa fasihi.

Nani alilipwa?

Mipaka ya mtazamo huo inaonekana wazi tukiuliza swali moja ambalo msimulizi wa shukrani haulizi: mtumwa alipoachwa huru, ni nani aliyelipwa?

Tuanzie mbali kidogo. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fedha hizo walipewa wenye watumwa. Watumwa hawakupewa chochote. Serikali ya Uingereza ilikopa ili kulipa, na deni hilo halikumalizika kulipwa hadi mwaka 2015.

Mtindo huo ulifuatwa kwetu. Siku ya tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki aliwakabidhi hati za uhuru watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni. Kampuni ililipa fedha kwa mabwana wao. Hali ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Zanzibar mwaka 1897, na baadaye katika pwani ya Kenya mwaka 1907, fidia ilikwenda tena kwa mabwana. Mwaka uliofuata, 1908, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi katika ukanda wa pwani. Aliyekuwa na nyaraka za kudai shamba alisajiliwa. Aliyelilima shamba hilo akiwa mtumwa alibaki na hati ya uhuru, lakini bila mahali pa kusimama. Wajukuu wa watu hao, pamoja na Wamijikenda wengi, ndio ambao hadi leo huitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa.

Urithi huu unaeleweka vizuri zaidi tukiutazama kupitia fasihi. Katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), ambayo ilitahiniwa kwa miaka kadhaa, mgogoro mkuu unazunguka shamba lililotwaliwa kwa hila ya hatimiliki baada ya mkoloni kuondoka. Wanafunzi hulijibu swali la ufisadi katika riwaya hiyo kwa wepesi. Ni wachache wanaoweza kueleza kwa nini karatasi ina nguvu kuliko jembe katika nchi yetu. Jibu liko katika mwaka 1908, na kabla yake katika mwaka 1889.

Kutoka hati ya uhuru hadi kipande

Karatasi iliwafuata Waafrika hadi Nairobi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali iliwakusanya wanaume kwa nguvu ili wawe wapagazi wa jeshi dhidi ya Wajerumani. Hesabu rasmi za Waingereza wenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000 miongoni mwa wapagazi, wengi wao wakifa kwa njaa na magonjwa kuliko risasi. Kikosi chao cha wapagazi kiliacha jina mahali kambi yao ilipokuwa: Kariokor kwetu Nairobi, Kariakoo kule Dar es Salaam. Mwanafunzi anayeshuka matatu Kariokor kununua vyondo au nyama choma anashuka juu ya jina la watu waliobebeshwa mizigo hadi wakafa, miaka michache tu baada ya utumwa kufutwa kisheria.

Baada ya vita, mfumo wa kipande, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ulianza kutekelezwa. Kila mwanaume Mwafrika alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole na maandishi ya waajiri wake, kikiwa ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Hati ya uhuru ya Rabai ilisema mtu huyu si mali ya mtu. Kipande kilisema mtu huyu ni wa mwajiri fulani na haruhusiwi kuondoka kabla hajaidhinishwa. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 kwa kupinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa, umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi tarehe 16 ya mwezi huo, na watu zaidi ya 20 wakauawa, akiwemo Muthoni Nyanjiru.

Nyumba nazo zilifuata mantiki hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya mitaa ya zamani ya Eastlands ilijengwa kwa hesabu ya vitanda vya wafanyakazi wanaume ambao walitarajiwa kurudi mashambani nguvu zikiwaishia. Familia haikuwemo katika hesabu. Ninapomwuliza mwanafunzi kwa nini hakumaliza insha, naye akanieleza kuwa wako watu saba katika chumba kimoja, huwa nakumbuka kuwa chumba hicho hakikupimwa kwa ajili yake.

Kaloleni, 1950

Katika mazingira hayo, neno "uhuru" lilibadilika. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na wa Wahindi wa Afrika Mashariki ulisikia azimio la Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, la kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Nairobi ilikuwa imetangazwa kuwa jiji chini ya mwezi mmoja kabla, tarehe 30 Machi. Mwezi uliofuata Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alizuiliwa hadi mwaka 1961.

Tutazame tofauti. Neno ni lile lile lililokuwa kwenye hati ya mtumwa, lakini sasa hakuna bwana wa kushukuriwa. Kitenzi chake hakikuwa tena "kupewa" wala "kuachwa". Kilikuwa "kudai", na hatimaye "kunyakua". Mtoro alikuwa amerudi, naye sasa alikuwa na chama cha wafanyakazi na ukumbi wa mikutano. Kwa maoni yangu hili ni mojawapo ya mabadiliko makubwa zaidi ya maana katika historia ya Kiswahili cha Kenya, na lilitokea umbali wa kutembea kutoka madarasa yetu.

Jina la mtaa

Sasa turejee kwa swali la mwanafunzi. Tom Mbotela alitoka katika ukoo huo huo wa Frere Town uliomzaa mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Alikuwa naibu wa rais wa KAU, chama kilichodai haki za Waafrika. Aliipinga waziwazi njia ya viapo na silaha. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwezi uliofuata Mbotela aliuawa karibu na Shauri Moyo, mauaji yaliyohusishwa na Mau Mau. Mwaka 1953 aliuawa pia diwani Ambrose Ofafa. Wakoloni wakayapa majina yao mitaa: Mbotela, na ile mitaa yote inayoanza kwa Ofafa.

Kutoa jina ni tendo la kusimulia. Serikali ile haikuita mtaa wowote Makhan Singh. Ilichagua wafu wa upande mmoja ili kuwaambia wapangaji kila asubuhi ni Mwafrika wa aina gani anayestahili kukumbukwa. Baada ya mwaka 1963 serikali mpya ilijibu kwa majina yake. Barabara ya Doonholm ikawa Jogoo, na leo Eastlands ina mtaa wa Kimathi na mtaa wa Uhuru. Kwa hivyo mitaa hii ni kama shairi la kujibizana, ubeti wa mkoloni ukifuatwa na ubeti wa taifa, na hakuna aliyeufuta ubeti wa kwanza.

Je, Tom Mbotela alikuwa msaliti? Ningemjibu mwanafunzi wangu hivi. Babu yako alikuwa na sababu ya kusema alivyosema. Kwa aliyechukuliwa katika msako wa Operesheni Anvil uliofanywa Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, na akapelekwa kizuizini, mtu yeyote aliyesema "ngojeni" alifanana na adui. Lakini mtoto wa Frere Town alilelewa katika simulizi ambamo meli ya Waingereza ilileta uhai. Kwake, sheria na subira viliwahi kufungua minyororo. Aliikosea nchi katika kusoma alama za nyakati, yaani aliutarajia uhuru wa kupewa wakati wenzake walikuwa wameshaamua kuudai. Kosa hilo ni la kusoma. Usaliti ni kuuza. Tofauti hiyo tukiipuuza, tunafundisha chuki badala ya uhakiki.

Tukumbuke pia kuwa ukoo huo haukuishia hapo. Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji aliyetajwa na mwanafunzi wangu, ambaye alifariki Februari 2025, alizaliwa Frere Town pia. Kwa miongo mingi aliuliza taifa zima redioni: Je, Huu ni Ungwana? Mtu wa kizazi cha watumwa alilitwaa neno lililotumiwa kuwabagua wazee wake, akalifanya kipimo cha tabia ya kila Mkenya, awe tajiri au maskini. "Uungwana ni vitendo," wahenga walinena, na yeye aliwafanya wasikilizaji waliamini.

Mapendekezo ya kufundishia

Kwanza, wanafunzi wachunguze majina ya mitaa yao kama wanavyochunguza majina ya wahusika: nani alitoa jina, lini, na kwa manufaa ya nani. Pili, katika kila kazi inayohusu ukombozi, wachambue vitenzi vinavyoambatana na neno uhuru. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), kwa mfano, waulize iwapo watu wanasubiri uhuru kutoka kwa maji au wanautafuta wao wenyewe. Tatu, wasomewe Uhuru wa Watumwa pamoja na maswali ambayo kitabu hakiulizi, hususan lile la malipo. Nne, wakati wa mjadala, kila upande ulazimishwe kutoa hoja moja nzuri ya upande wa pili kabla ya kutoa yake.

Hitimisho

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Mwaka 1833 wenye watumwa walipata pauni milioni 20. Tofauti ya thamani ya fedha hizo kati ya nyakati hizo mbili ni kubwa mno, lakini jambo muhimu zaidi ni mwelekeo wake. Mara hii waliolipwa ni walioumizwa, na walilipwa kwa sababu wazee hao walikwenda mahakamani London wakadai. Hawakupewa.

Mwanafunzi wangu alishamaliza shule. Nilikutana naye sokoni Burma mwaka jana, nikamwambia kwa ufupi niliyoyaandika hapa. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo nawaachia walimu wenzangu: "Sasa mwalimu, hiyo nyumba ya baraza tunayokaa tangu babu, karatasi yake iko kwa nani?"